Vidole Safi Mjini Paris

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefika. Hakuna anayejua. Kwa mujibu wa kundi la familia kwenye WhatsApp, sasa hivi niko kwenye kibanda chetu kando ya ziwa, nje ya mji wetu wa Kajaani, namalizia sura ya tatu ya tasnifu yangu ya falsafa na kuchuma beri, vile vitunda vya msituni. Kwa mujibu wa ukweli, niko kitanda cha juu katika hosteli moja kaskazini mwa Paris, na kitanda cha chini kuna Mholanzi anatafuna karoti.

Niandike sababu, ili siku nikijihukumu niwe na ushahidi. Mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, tukiwa sote ndani ya sauna, chumba chetu cha mvuke, Bibi Lempi alisema anataka kuiona Paris kabla hajapasuliwa goti mwezi wa Oktoba. Si Paris yote. Anataka kuona zile picha kubwa za kuchorwa za mayungiyungi ya maji, zilizozungushwa kwenye kuta za chumba kizima. Kipande chake kimoja kimetundikwa jikoni kwake tangu mwaka 1974, kwenye kalenda. Miezi mingine yote ya kalenda ile aliwashia jiko. Juni aliuacha.

Akauliza nani atampeleka. Binamu yangu Pinja, aliyeishi Paris miezi sita akilea watoto wa watu, alivuta pumzi ili aanze kueleza. Pinja akivuta pumzi ile, chakula hupoa mezani. Nikamwahi. Nikasema Paris naijua kama jiko langu.

Bibi akamwagia mawe maji. Mvuke ukapanda. Akasema, "Haya, nitakwenda na wewe."

Ukweli: Ufaransa nilikwenda mara moja, na shule. Nikashikwa na homa, nikalala siku nne Lille. Paris niliiona dirishani mwa basi, na inawezekana ulikuwa mji mwingine.

Mpango: siku tano za kujifunza mji. Ijumaa naruka kurudi Helsinki. Jumamosi asubuhi nakutana na Bibi uwanja wa ndege, kana kwamba nimetoka ziwani, kisha tunaruka pamoja kuja Paris, na hapo nitamwongoza bila kutazama ramani. Goti lake limebakiwa na safari moja tu. Siwezi kumzungusha. Nikimzungusha, atampigia Pinja.

Jioni nilikaa kwenye mgahawa saa kumi na moja, muda wa binadamu wote kula. Mhudumu akasema jiko linafunguliwa saa moja. Nikamwuliza watu wanakula nini mpaka saa hiyo. Akasema wanangoja.

Nimelala na biskuti.

Jumanne, 12 Agosti

Duka la mikate. Nilisema kwa Kifaransa changu cha shule, kilichopata alama ya juu darasani: mkate mmoja, tafadhali. Yule mama akasema bonjour. Nikadhani hakunisikia. Nikarudia habari ya mkate, kwa sauti. Naye akarudia bonjour, kwa sauti. Mara ya tatu nikatoka bila mkate.

Marloes, yule Mholanzi, amenieleza kwamba hapa usipotoa salamu kwanza unahesabiwa bado uko nje. Akasema, "Umeongea na mlango, dada."

Sielewi. Kwetu kumsalimu muuzaji ni kumchelewesha. Unasema unachotaka, unashukuru, unaondoka, na wote wawili mnabaki na heshima zenu. Mama yule simjui hata jina. Nimeandika hata hivyo: salamu kwanza.

Kisha nikaenda kwenye jumba la zile picha za Bibi, kwa miguu, nikihesabu vidato vya kila ngazi kwa niaba ya goti. Liko kwenye kona ya bustani kubwa yenye viti vya chuma vya kijani. Mlango umefungwa. Jumanne huwa halifunguliwi. Kibao kiliandikwa kwa lugha tatu, nikazisoma zote, nikitumaini mojawapo ingekuwa na maoni tofauti.

Hapo simu ikatetemeka. Bibi, kwenye kundi la familia: beri zimeiva huko? Tuma picha.

Bibi anachuma beri za buluu tangu ana miaka minne. Kwake kiangazi bila picha ya ndoo ni uvumi. Mara Pinja naye akaandika: ndiyo, tuma, tuone. Lile "tuone" sikulipenda.

Mpango wa dharura. Sokoni nilipata beri za buluu, vikasha vitatu. Nikaazima kikombe cha bati cha Marloes. Nikarudi bustanini, nikapiga magoti chini ya mti, nikamwaga beri kikombeni, nikapanga majani makavu kukizunguka, nikakishika kwa mkono wa kushoto na kupiga picha kwa mkono wa kulia. Bwana mmoja aliyekuwa anasoma gazeti alisogeza kiti chake mbali kidogo. Picha ilitoka nzuri kuliko msitu wenyewe.

Nikatuma. Baada ya dakika kumi Bibi akajibu: Nzuri. Kubwa.

Maneno mawili. Kwa Bibi hiyo ni hotuba. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kasoro. Nadhani ameamini.

Jumatano, 13 Agosti

Jumba limefunguliwa. Foleni ilikuwa fupi. Nikasimama nyuma ya bwana mmoja mwenye kofia, nikamwachia nafasi yake kama mtu aliyelelewa vizuri: hatua tatu, au nne akiwa na mzigo. Kituo cha basi cha Kajaani, watu sita tunajaza mtaa mzima, na hakuna anayelalamika.

Familia moja ikaja ikasimama kati yangu na bwana wa kofia. Nikadhani wanapita. Hawakupita. Nikarudi nyuma, ili nao wapate nafasi yao. Wakaja mke na mume. Nikarudi nyuma. Likaja kundi la wastaafu na kiongozi wao mwenye kibendera. Wastaafu wana mizigo. Nikarudi sana.

Baada ya saa moja na nusu nilikuwa chini ya mti wangu wa beri.

Marloes akapita na baiskeli. Akashuka, akaniuliza ninafanya nini pale. Nikasema niko kwenye foleni. Akaitazama foleni. Akanitazama mimi. Akaitazama tena foleni.

"Ile ya kule?"

Nikasema ndiyo.

"Wewe hauko kwenye foleni, Saima. Wewe unaishi jirani na foleni."

Akanishauri nimsogelee mtu wa mbele mpaka nijue amekula nini asubuhi. Nikasema sina haja ya kujua. Akasema, basi zeeka hapo, mimi nakwenda kula. Nikajaribu alipoondoka. Nilisogea mpaka hatua moja. Mama aliyekuwa mbele yangu akageuka na kutabasamu. Nikaondoka kwenye foleni, nikaondoka na bustanini.

Jioni Pinja aliniandikia pembeni, si kwenye kundi. Maji ya ziwa yana joto gani? Hilo ni swali la kawaida kwetu, watu huulizana kabla ya kuulizana hali. Nikaandika kumi na nane. Akajibu kwamba Kajaani mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na kipimo cha manispaa kinasema kumi na nne. Nikaandika kwamba kwenye ghuba yetu maji hupata joto. Akaandika: ajabu, ghuba yetu ndiyo yenye kivuli.

Akaongeza kwamba nikichoka, yeye bado ana likizo, na begi lake liko karibu na mlango.

Sikulala vizuri. Nini hasa ambacho Pinja anakijua? Nimeandika safu mbili, anachokijua na anachokishuku. Zote mbili zimejaa na zinafanana.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nilikuwa na akili. Nimenunua kwa simu tiketi yenye saa ya kuingia. Sikuhitaji kusimama nyuma ya mtu yeyote. Nikaingia.

Nilimwuliza mlinzi mayungiyungi yako wapi. Nilianza na salamu, na hilo liingizwe kwenye kumbukumbu. Akasema: sakafu namba sifuri.

Nikatulia nikafikiri. Nilikuwa nimetoka nje moja kwa moja. Sakafu unayoingilia kutoka nje ni namba moja. Kila lifti ya nchi yangu imenifundisha hivyo tangu sijui kusoma. Sifuri hatuna. Lakini moja ukitoa moja ni sifuri, kwa hiyo sifuri lazima iko chini yangu. Na kweli, ngazi za kushuka zilikuwepo. Mlinzi akasema kitu na kunyoosha mkono mbele yake. Nikadhani ananiaga. Nikampungia.

Chini kulikuwa na nyuso. Watu wameketi, matunda kwenye sahani, mwanamke mwenye kofia asiyefurahi. Nilizunguka mara tatu. Hakuna yungiyungi hata moja. Ningemwuliza mtu, lakini nilikuwa nimeshamwuliza mtu mmoja leo, na kuuliza mara mbili ni kusumbua. Nikakaa kwenye benchi, nikaupitia ushahidi wote. Hitimisho ni moja tu. Wameyaazimisha. Yako nchi nyingine, labda Japani, na mlinzi yule ana aibu kusema.

Nilitoka nikiwa mdogo. Nimekaa kwenye kiti cha kijani nikamwaza Bibi. Ana miaka sabini na tisa. Majira haya ya kiangazi ameshuka na kupanda ngazi za baraza lake kila asubuhi, ishirini kwenda na ishirini kurudi, akilizoesha goti. Mama yangu alimkuta akihesabu. Bibi akamwambia anafagia.

Na mimi ndiye niliyesema najua.

Nimetafuta mpango wa akiba. Kwenye bustani nyingine, vituo vinne vya metro kutoka hapa, kuna kibwawa chenye mayungiyungi ya kweli. Matatu. Na bata mmoja anayeyakalia.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu hapa, mitaa mitupu. Nimerudisha kikombe. Marloes akauliza kwa nini huyo bibi nisimwambie ukweli tu, nikafupisha safari. Nimekwisha kuzoea maswali yake. Kwao ukweli hutolewa kabla ya chai. Nikamwambia haelewi mambo ya familia.

"Naelewa," akasema. "Unapanda ndege kwenda nyumbani, ili upande ndege kuja hapa. Kuna kitu sijaelewa?"

Ilivyosemwa vile, ilisikika vibaya. Kwenye karatasi mpango huu ulikuwa na mishale, na mishale ilikuwa na mantiki.

Nimetua Helsinki. Nimepaka sweta langu majivu ya moto wa kuni niliyokuwa nayo kwenye mfuko mdogo tangu nyumbani, ili ninuke kibanda. Mpangaji mzuri hufikiria pua.

Jumamosi, 16 Agosti

Bibi alifika kwa treni ya asubuhi, na fimbo yake, na begi moja, na mkate mweusi wa nafaka ya rai uliofungwa kwenye taulo. Akaninusa.

Ndege ikaruka. Akakata mkate, akanipa. Nilipoupokea akaushika mkono wangu na kuugeuza kiganja juu, kama anavyokagua samaki.

"Wiki nzima unachuma," akasema, "na vidole kama vya mchungaji wa kanisa."

Nikasema nilinawa.

"Beri za msituni hazitoki kwa kunawa, mwanangu. Zinatoka Septemba."

Vidole vyake vilikuwa na zambarau nzito mpaka kwenye kucha. Akaendelea, taratibu, akitafuna. Beri zangu za kwenye picha ni za shambani, za kununua, kubwa kama zabibu. Ya msituni haiwi kubwa hivyo hata ikibembelezwa. Majani yale ni ya mti usioota kwetu. Na pembeni ya picha kuna mguu wa kiti cha kijani, ambacho kiko ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu cha kuongoza watalii alichoazima maktaba. Alijua tangu Jumanne niliko.

Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Hukuniuliza."

Tulivuka Denmark yote tukila mkate. Nilipoona bahari tena akasema, "Ungenisubiri tu hukohuko. Au unapenda sana ndege?"

Nikaona ni afadhali nitoe vyote. Nikamwambia Paris siijui, nilikuwa Lille na homa. Nikamwambia na jambo baya zaidi: mayungiyungi hayapo, nimeshuka mpaka chini na kutafuta, yameazimishwa. Nikasema akitaka, tukitua nimpigie Pinja, ana begi mlangoni.

Bibi akakung'uta makombo kwenye sketi.

"Tutaona ukuta basi," akasema. "Ukuta haujaazimishwa?"

Nikasema sidhani.

"Haya."

Jumapili, 17 Agosti

Tiketi za saa zilikuwa zimekwisha. Foleni, kwa hiyo. Bibi akasimama hatua nne nyuma ya mtu wa mwisho. Nami nikasimama hatua mbili kutoka kwa Bibi. Watu wakaja wakasimama kati. Bibi akarudi nyuma ili wapate nafasi. Nikarudi naye. Nusu saa baadaye tulikuwa wote wawili chini ya mti. Bibi aliuinulia uso, akasema kumbe ndio wenye yale majani. Hakuonekana kuchoka. Ilikuwa foleni ya kupendeza, hakuna aliyetugusa.

Mlinzi wa mlangoni aliiona fimbo. Akaja mpaka mtini, akatuuliza kama tunangoja kuingia. Bibi hajui Kifaransa, akaitikia kwa kichwa. Mlinzi akatupeleka mbele ya wote.

Ndani, nikashika njia ninayoijua. Nikashuka ngazi nikimweleza Bibi ashike upande wa kulia, kuna vidato vingi, asiwe na haraka. Nikafika chini. Nikageuka. Bibi hayupo.

Goti lake lilikuwa limeona ngazi na kukataa. Lilikwenda mbele, palipo sawa.

Nikapanda mbio. Nikamkuta ndani ya chumba kikubwa cheupe chenye umbo la yai, ameketi kwenye benchi ya katikati, fimbo magotini. Na kuta zote zilikuwa maji. Buluu, kijani, zambarau, yakizunguka bila mwanzo, na mayungiyungi juu yake. Kwenye sakafu ileile tuliyoingilia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Lazima yamerudishwa kati ya Alhamisi na leo. Wamefanya kazi ya haraka sana. Lazima walipita na mlango mkubwa.

Nikakaa kando ya Bibi, kwa umbali wa heshima. Tulikaa saa mbili. Watu waliingia, wakapiga picha, wakatoka. Mama mmoja alimweleza mumewe kila kitu kuanzia kushoto. Bibi akangoja mpaka wapite. Kisha mikono yake, ile yenye zambarau, ikalegea juu ya fimbo, na nikaona anapumua kama anavyopumua kwenye sauna baada ya kila mtu kutoka.

Mwisho akasema, "Nzuri. Kubwa."

Macho yake yalikuwa na maji. Nikatazama pembeni, kwa adabu.

Saa kumi na moja tukakaa kwenye mgahawa. Jiko lilikuwa limefungwa. Bibi akauliza watu wanafanya nini, nikamwambia wanangoja. Akaona ni sawa, akaagiza kahawa. Pinja alikuwa ameandika mara tisa kwenye kundi akitaka picha na kutueleza benchi ipi ni nzuri. Bibi akaisoma simu, akaifunika mezani uso chini.

"Pinja anaijua Paris," akasema. "Ndiyo maana sikumtaka. Ningekuwa natazama, naye ananiambia natazama nini."

Nikasema lakini mimi ulinichukua kwa sababu nilisema naijua.

"Nilikuchukua kwa sababu unajua kunyamaza. Ungeniambia hujawahi kuvuka hata Helsinki, ningekuchukua vilevile. Tungekuja wote tukapotea wote. Una habari nilivyokuwa nangoja kupotea?"

Nimeyaandika maneno haya kama yalivyo, nimeyasoma mara nne. Siyaelewi. Nadhani anataka kunifariji, maana mpango ulikuwa na kasoro ndogondogo. Lakini kwa jumla umefanikiwa: mayungiyungi yameonekana, goti halikushuka ngazi hata moja, na begi la Pinja bado liko mlangoni kwake.

Kisha Bibi akasema kwamba goti likipona, mwakani anataka kuona Vienna. Kuna farasi weupe huko wanaocheza ndani ya ukumbi. Ni Machi ya kalenda nyingine. Akaniuliza, polepole sana, huku akinitazama usoni, kama Vienna nimewahi kufika.

"Vienna?" nikasema. "Naijua kama jiko langu."

Bibi akakoroga kahawa yake muda mrefu. Haiwekei sukari.

Niandike kabla sijasahau. Vienna, Julai. Kufika wiki moja mapema. Kuchuma beri za kweli kabla ya kuondoka, ndogo, na majani ya kwetu. Kuangalia miguu ya viti. Kununua wino wa zambarau, wa vidole.